Skrubu Zilizotiwa Wanja

Baba yangu alikuwa fundi wa kanzu mtaani Kuze, na hakuna pindo lililotoka mlangoni mwake kabla hajalivuta kwa mikono miwili. Alivuta kwa nguvu, sikio karibu na kitambaa. Pindo la kanzu halina ruhusa ya kusogea. Likisogea alilifumua pale pale mbele ya mwenyewe, hata kama mwenyewe ni bwana harusi na nikaha ni baada ya Alasiri.

Mimi kazi yangu ilikuwa vifungo, chumba cha nyuma. Nilivichoka vifungo mpaka nikavichukia. Nilitaka mashine yangu, kazi yangu, na kiti cha mbele penye mwanga wa mlango, na kwa kuwa sikuzaliwa na subira, nililisema hilo kila siku.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mji mzima ulikuwa umeingia kwenye fulana na vitambaa vya kuvutika, na mtaani kwetu hakuna aliyejua kuvipinda. Ukishonewa fulana leo, kesho ukiivaa, ta, uzi umekatika. Kisha mjomba, aliyefanya kazi viwandani Mbaraki, akaniletea mashine ya kupindia fulana kutoka karakana iliyokuwa ikifungwa. Sindano mbili juu, na uzi mmoja chini wa kuzisuka pamoja. Nilipoiona nilipiga kigelegele peke yangu, mpaka jirani akachungulia kuuliza nani kaposwa.

Baba aliipima kwa macho. "Nakupa mpaka Ijumaa," akasema. "Pindo likistahimili mikono yangu, mashine yakaa. Likikatika, mjomba wako aipeleke kwa mwengine anayeingoja."

Basi nikaingia kazini. Pindo la kwanza lilitoka na mawimbi. Nikapunguza uzito wa mguu unaokandamiza kitambaa, nikaongeza mwendo wa meno ya mbele ili yakisukume kitambaa badala ya kuachia ya nyuma yakivute, na mawimbi yakalala. Sikuamini. Kisha nikaona tuta linainuka katikati ya mistari miwili ya mshono. Nikalegeza skrubu inayobana uzi wa chini, tuta likashuka. Nikalegeza na skrubu za nyuzi za sindano, kidogo kidogo, nikishona kipande na kukivuta, mpaka pindo likavutika pamoja na kitambaa na kurudi nacho. Moyo ulinienda mbio. Adhuhuri ilipoingia Baba alikwenda msikitini, nami nikapanda juu kuswali na kupakua chakula huku nikicheka peke yangu.

Niliposhuka alikuwa amesharudi, amekaa kwenye kiti chake. Nikapinda kipande kingine mbele yake, nikampa. Alivuta mara moja tu. Ta.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Asubuhi pindo zuri, mchana linakatika. Nilimwambia mjomba mashine yake ina shetani, na nikaizaba kofi kabisa. Usingizi ulinihama. Nilikwisha kuanza kumchukia huyo mwengine anayeingoja, mtu ambaye hata simjui.

Alhamisi, nilipolipata tena pindo langu la asubuhi, nilichukua wanja wangu nikatia alama kila skrubu mahali ilipokaa, ili nikiharibu mwenyewe nijue pa kurudia. Kisha nikapanda juu.

Niliposhuka, Baba alikuwa ameshika kanzu nyeupe, anaitazama kola kama mtu aliyefiwa. Palikuwa na doa jeusi. Akageuza mkono wake. Kidole gumba na cha shahada vyote vyeusi.

"Nani katia wanja cherehani?" akauliza.

"Nani kagusa skrubu zangu?" nikajibu, na sauti yangu haikuwa ya binti mbele ya babake.

Alivitazama vidole vyake. "Zilikuwa zalegea, mwanangu. Kila siku nikipita nazikuta zalegea. Nikasema nikukazie, usije ukaaibika."

Nilikuwa na hasira, tena kubwa, lakini kicheko kilizidi, nikacheka mpaka nikakaa chini. Miaka yote ya kanzu ilikuwa kwenye vidole vile. Havikuweza kupita penye skrubu iliyolegea vikaiacha. Nikaanza kuzirudisha moja moja nikifuata mabaki ya wanja. "Kaa hapa, Baba," nikamwambia. "Tazama, lakini mikono iweke mbali."

Akakaa. Aliikunja mikono akaificha kwapani, na nilipolegeza uzi wa mwisho alifumba macho.

Nikapinda fulana nzima, nikamkabidhi. Alivuta. Pindo likaenda na mikono yake, kimya, kisha likarudi mahali pake. Alingoja mlio wa kukatika, haukuja. Akavuta tena, na tena, akiiinamia ile fulana kwa sikio lake.

"Larudi," akasema kwa sauti ndogo. "Larudi lenyewe."

Nilifurahi hata nikapiga kigelegele tena.

Ijumaa baada ya swala nilimkuta ameshika upande mmoja wa cherehani yake, anaisukuma kutoka pale mlangoni ilipokaa tangu sijazaliwa.

"Shika huko," akaniambia. "Kanzu mimi nazishona hata kwa kupapasa. Wewe wahitaji mwanga."

Tuliiweka yangu mahali pake. Kabla sijakaa nilizikagua skrubu, moja moja. Hakuna iliyokazwa.