Faki, Nyota wa Shuka la Bibi Mize

Enzi zetu, yakhe, sisi watoto wa kule Konde tulikuwa na sinema yetu, na nyota wake alikuwa Faki, mjukuu wa jirani yetu Bibi Mize.

Chanzo ni gari la sinema lililokuja kutuonyesha picha uwanjani. Spika yake ikagoma, picha ikaenda bubu mwanzo mpaka mwisho. Sisi tungejua wapi? Tulirudi nyumbani tukiamini kabisa kwamba watu wa sinema hawasemi!

Basi msimu ule wa karafuu, kila alasiri Bibi Mize akianika shuka lake jeupe kambani, Faki hujipenyeza nyuma, jua likatupa kivuli chake shukani. Sisi tumekaa mbele mchangani, midomo imejaa mabungo. Mchezo wake mkubwa ulikuwa mchumaji aliyevamiwa na majimoto, wale chungu wekundu wakali, juu ya mkarafuu. Hujikuna, hupunga mikono, hujipiga mapaja, wala hatoi sauti ukasikia. Mama zetu waliokuwa wakichambua karafuu walicheka mpaka machozi. Mara Bibi Mize, "We Faki, utanirarulia shuka!" Naye yumo anacheka.

Siku moja akapunga mikono kuliko siku zote. Karafuu za mtaa mzima zilikuwa zimeanikwa uwanjani, na nguo zetu za sikukuu zote zilikuwa zinazitegemea zile. Faki anaruka, anaonyesha kidole, anajipiga kichwa. Tukapiga makofi. Leo majimoto wamemkomesha! Akazidi, nasi tukazidi. Kumbe mwenzetu ameona juu ya kamba wingu jeusi linatujia migongoni, na nyota wa sinema hasemi.

Mwisho akalivuta shuka likaanguka, akapiga ukelele, "Mvua! Anueni!"

Lo! Wakubwa kwa watoto tulirukia majamvi. Tulirowa sisi, karafuu zikapona, na sikukuu tukavaa. Lakini Faki kazi yake ya sinema iliishia pale. Tulimbembeleza, akakataa katakata. Alisema ameshasema, sasa si mtu wa sinema tena.

Homa ilimchukua kabla hajaota ndevu, Mungu amrehemu. Picha yake hatuna hata moja. Nilimpenda sana yule mtoto.

Wajukuu zetu siku hizi, mashaallah, wana sinema mfukoni, na hainyamazi kuanzia alfajiri. Juzi nimeanika karafuu, nikamwambia mmoja atazame wingu. Akatazama simu.

"Bibi, hapa wanasema jua."

Haya. Ng'ambo ya njia, Bi Time, shoga yangu tuliyekaa naye mchangani pale, katoka mlangoni kwake. Hakusema neno. Akaanza kupunga mikono na kujipiga mapaja, umri wote ule.

Watoto wakaangua kicheko. "Bi Time kaingiwa na nini?"

Mimi nilishakamata jamvi.