Zulia Nililomwekea Mzee Ovila

Jumatatu ile, kahawa haijachemka, nilimkuta baba mkwe wangu amelala kifudifudi chumbani kwake, kisu cha mkate mkononi, anakata zulia.

Zulia jipya. Lina wiki tatu tu. Nililiweka mimi mwenyewe, kwa magoti yangu haya, siku alipohamia kwetu.

"Mzee, unafanya nini?"

Akaficha kisu chini ya tumbo. Mtu wa miaka themanini na moja.

"Natafuta kifungo. Kimedondoka."

Nikamwangalia. Alikuwa amevaa sweta isiyo na kifungo hata kimoja.

Nilipomwambia mke wangu Solange, akakaa kwenye ngazi akalia. Maana hicho kisu hakikuwa kituko cha kwanza. Mzee alishaanza kusogeza kitanda kila siku, na wimbo wake ulikuwa mmoja: chumba kina baridi.

Sasa lazima umjue Mzee Ovila. Hapa Biddeford, mji wetu wa baridi kali, hakuna mtu wa maana anayewasha joto kabla ya Novemba, lakini yeye alizidi. Miaka arobaini, kwenye nyumba yake ya zamani, kidude cha ukutani cha kuongezea joto hakuruhusiwa mtu kukigusa. Ukisema unasikia baridi, jibu lilikuwa moja tu: "Vaa sweta."

Huyo ndiye aliyekuwa analalamika baridi. Tena kwangu, ambako kidude cha sebuleni kinasoma sabini za Fahrenheit, joto la kutosha kabisa.

"Baba yangu anasikia baridi?" Solange akasema. "Huyo sio baba yangu, Fernand. Akili inaondoka."

Mimi nilikwenda kuhakikisha, sio kwamba nilipuuza. Niliingiza kidole kwenye hita yake, kile kibati kirefu kinachopita sakafuni kandokando ya ukuta. Bomba la ndani lilikuwa la moto, nusura niungue. Nikatoka kifua mbele. Hita inawaka, kidude kinasema sabini, tatizo ni mzee.

Tukapata nafasi kwenye nyumba ya wazee. Ijumaa saa nne asubuhi twende tukasaini. Mzee tukamwambia anakwenda kwa daktari.

Na niseme ukweli, maana huku mtandaoni hamnijui sura. Nilishaanza kukipima kile chumba kwa macho, nawaza televisheni itakaa upande gani.

Lakini sikuwa na raha. Jumanne nilikata nyasi zilizokwisha kufa. Jumatano nilipanga upya misumari yangu yote kwenye makopo. Solange akaniuliza kama ninaumwa. Chakula kilikuwa pai ya nyama, ile anayopika kama ya marehemu mama yake, nikaila bila kujua ninakula nini.

Alhamisi mchana mzee alikuwa kwa kinyozi na Solange kazini. Nikaona niende nikatengeneze lile zulia, tusiache aibu.

Nikalala pale pale alipokuwa amelala yeye. Dakika kumi nikakazana na gundi. Vidole vikaanza kufa ganzi.

Nikasimama. Nikakaa kitandani. Baridi ikanipanda mgongoni taratibu, ile ya kukutafuna. Huko nyuma nilikuwa naingia dakika moja nimetoka jikoni penye moto, nachungulia, naondoka. Sikuwahi kukaa.

Nikapitisha kiganja juu ya hita. Hakuna kitu. Nikasogea. Hakuna kitu. Nikafika pale mzee alipokata, kipande cha shubiri moja tu.

Joto likanipanda mkononi, safi kabisa.

Hapo nikaelewa. Hita hizi hula hewa ya baridi kwa chini, zikaitoa ya moto kwa juu. Na mimi, bonge la fundi, nilichukua zulia nene pamoja na sponji lake nikalisukumiza chini ya kibati mpaka likabana. Nilijisifu kwamba halionyeshi mwanya hata kidogo. Bomba linachemka, hewa haipiti, na mzee anaganda.

Nikasikia mlango. Mzee amerudi, kichwa kimenyolewa, kofia mkononi. Akanikuta nimepiga magoti.

"Umeiona," akasema.

"Ulijua tangu lini, Mzee?"

"Siku ile ile ya kwanza. Nimekaa na maboila ya kuchemshia maji kiwandani miaka thelathini na moja, mkwe."

"Sasa mbona hukusema?"

Akakaa kitandani polepole.

"Ulimwita Solange aje aone ulivyolilaza. Ulifurahi sana siku ile. Mimi ni mgeni hapa, nianze kukuumbua mbele ya mkeo? Nikasema nitalikata kidogo kidogo, hakuna atakayejua."

Yaani mzee alikubali aonekane chizi ili mimi nisionekane mjinga.

"Na kesho," akauliza, "ni daktari gani huyo?"

Ningeweza kudanganya. Nilishadanganya wiki nzima.

"Sio daktari, Mzee."

Akatikisa kichwa, akaitazama kofia yake.

"Nilijua. Solange amefua nguo zangu zote, hata za kiangazi."

Nililia. Sioni haya kuandika hivyo.

Solange aliporudi nilimweleza hapo hapo mlangoni, hajavua koti. Hakunifokea. Alikwenda chumbani, akaweka kiganja juu ya hita, akakisogeza mpaka kwenye ile shubiri moja. Kisha akamkumbatia baba yake muda mrefu sana. Akapiga simu kule kwa wazee, akafuta ile Ijumaa.

Baadaye, tukiosha vyombo, akaniuliza bila kunitazama.

"Fernand, kama usingeingia mle kuokoa zulia lako, ungeingia kumsikiliza baba?"

Nikaendelea kufuta sahani ile ile iliyokwisha kukauka. Na hakuuliza tena.

Kesho yake saa nne mimi na mzee tulikuwa chini, tunakata zulia chini ya hita, ukuta hadi ukuta. Alinisahihisha mara sita na nilinyamaza mara zote sita.

Wewe unayetengeneza nyumba, acha nafasi ya kidole gumba chini ya hita, hata kama haipendezi. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: mzee wako akikwambia kuna baridi, usikimbilie kupima akili yake. Ingia chumbani kwake, kaa chini, subiri na wewe uisikie.