Bati la Sheria ya Mto

Siku mama aliporudi kutoka mtoni na mitungi mitupu nilikasirika, na mpaka leo sijapoa.

Huku kijijini Nuu tunakunywa maji ya mchangani. Kikundi chetu cha kazi za pamoja, mwethya, kilijenga ukuta wa kuzuia mchanga mtoni, na kila kiangazi tunachimba kisima katika mchanga huo. Mwaka huo mama alivunjika nyonga, akakosa siku za kuchimba. Mwenyekiti akamnyima maji. Asiyechimba hachoti, alisema, ndiyo sheria. Na ndugu yake mwenyekiti, aliyekaa Mombasa msimu mzima, punda wake wanne walikuwa wakipanda kutoka mtoni na maji tukitazama.

"Huyo ni kesi ingine," mwenyekiti akaniambia.

"Hiyo kesi ingine imeandikwa wapi?"

"Mwalimu, sheria ya mto haiandikwangi. Sisi wazee tuko nayo kwa kichwa."

Kwa kichwa! Mimi hufundisha historia, na wiki hiyohiyo nilikuwa nimewaeleza wanafunzi habari za Warumi wa kale. Sheria yao nayo ilikaa vichwani mwa makuhani wa koo kubwa. Mtu wa kawaida alishtakiwa bila kujua sheria inasemaje, na ya jana haikuwa ya leo. Watu wakachoka. Wakadai miaka mingi iandikwe, mwishowe ikaandikwa kwenye mabamba kumi na mawili, yakawekwa uwanjani kila mtu ayaone.

Jumapili baada ya ibada nilisimama kwenye mkutano wa kikundi nikayasema yote hayo. Mzee mmoja akauliza, "Warumi gani, hao wa Biblia?" Watu wakacheka, lakini akina mama walipiga makofi na mwenyekiti akakubali iandikwe.

Nikanunua bati na rangi nyeusi. Mkutano ulipitisha sheria mojamoja, mimi nikiandika. Walipofika "Asiyechimba hachoti, hata awe nani," nilifurahi kama mjinga. Nilimfikiria yule ndugu na punda wake. Hayo nikayapaka kwa herufi kubwa kuliko zote.

Msimu uliofuata ndugu huyo alichota. Alikuwa ametuma kibarua amchimbie, na bati halikusema lazima uchimbe kwa mikono yako. Hilo sisi hatukuwa tumeliwaza. Mama, na fimbo yake, alirudishwa. Aliyemrudisha ni mlinzi wa kisima, mwenzake wa kwaya tangu ujana wao. Alinyoosha kidole kwenye bati tu. Zamani, mwenyekiti asipokuwepo, angemchotea mtungi mmoja kwa huruma na kujifanya hajui sheria. Sasa sheria ilisomeka hata ukiwa ng'ambo ya mto.

Nilirudi kwenye kitabu changu nikasoma sehemu ambayo huwa naruka kwa sababu haiji kwenye mtihani. Katika mabamba ya mwisho Warumi waliandika kwamba mtu wa kawaida asioane na mtu wa koo kubwa. Watu walipigania maandishi, na kalamu ikabaki mikononi mwa walewale. Ilibidi wapambane tena ili kuliondoa hilo. Niligonga meza ya walimu mpaka chai ikamwagika. Hasira yangu haikuwa ya mwenyekiti peke yake. Nilipiga kelele iandikwe, iandikwe, na sikuuliza hata mara moja iandikwe nini.

Nikampeleka mama mtoni. Hajui kusoma, akaniambia nimsomee kile kilichomrudisha nyumbani. Nikasoma. Akapapasa zile herufi kubwa kwa kidole.

"Ni wewe uliandika?"

"Ni mimi, Mwaitu."

"Na hiyo rangi iliisha?"

"Imebaki nusu mkebe."

Akaegemea fimbo yake, akanitazama.

"Sasa unangoja nini?"