Baba yake Wambui

Jumapili iliyopita, kanisani Wundanyi, mheshimiwa mmoja alikaribishwa mbele kwa vigelegele, na mjukuu wangu akaninong'oneza, "Nyanya, ningependa baba yangu awe kama yule." Wivu huo naujua.

Nilipokuwa mdogo tuliishi Voi, kwenye nyumba za reli. Wambui, msichana wa rika langu, alikuja kukaa kwetu kwa sababu mama yake alikuwa amefariki, na baba yake, rafiki wa baba yangu kazini, alikuwa amepelekwa kambini wakati ule wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Mimi sikujua kambi ni kifungo. Nilichojua ni kwamba wakubwa walipomtaja walishusha sauti, kama wanavyofanya wakisali, na kwamba mama alimwombea yeye kabla ya kutuombea sisi.

Alasiri moja mama alikuwa akimsuka Wambui uani. Nilisikia harufu ya mafuta ya mbarika aliyompaka kichwani, mafuta ambayo mimi nilipakwa sikukuu tu, na wivu ukanishika.

"Mama," nikasema, "mwombe Mungu, baba yangu naye apelekwe kambini."

Mikono ya mama ilisimama. Garimoshi lilipiga honi huko stesheni. Wambui hakukasirika. Alinigeukia, akaniuliza kwa upole, "Halafu sisi sote tutakaa kwa nani?"

Nikasogea, nikakaa karibu naye mpaka mama akamaliza kumsuka.