Alichoniuliza Mwaitu Nilipotolewa Mchangani

Mwanangu, siku ile mchanga uliponifunika naikumbuka, lakini naikumbuka vibaya, na ndiyo maana sipendi watu wakiniita yule mama aliyekufa akarudi. Jana uliniuliza kama ni kweli. Sijui. Wacha nikuambie ninachokijua, halafu utaamua mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya sabini, nimeolewa juzi tu huku Kyuso, na mvua ilikuwa imekataa. Mto wetu wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, maji yako chini yake, kwa hivyo kila nyumba ilichimba kisima chake humo mtoni na kukizungushia matawi ya miiba ili ng'ombe wasiingie. Maji yakizidi kushuka, unachimba tena. Kisima cha mchanga lazima upanue mdomo wake kadiri unavyoenda chini, hilo hata mtoto analijua. Lakini miiba ya jirani ilikuwa imebanana na yetu, na nyumba hizo mbili hazikuwa zikisemezana, kwa hivyo hakuna aliyeomba isogezwe. Tukachimba kwenda chini tu. Mimi nilikuwa ndani nikijaza debe, mama mkwe wangu juu akipokea. Nilimwita Mwaitu, kama sisi Wakamba tunavyowaita mama zetu, na kwangu alikuwa mama kweli.

Ukuta wa mchanga ukaanguka. Waliniambia baadaye kwamba wanaume waliokuwa wakinywesha mifugo walikuja mbio, wakachimba kwa mikono, wakanitoa, wakanilaza ukingoni na kunifunika leso usoni. Mwaitu peke yake alikataa. Aliitupa ile leso, akaingiza vidole kinywani mwangu, akatoa mchanga huku akinitukana, na nikakohoa.

Sasa, nilichokiona nikiwa chini. Niliona uwanja wa nyumba, asubuhi, umefagiliwa vizuri hata mistari ya ufagio inaonekana. Hapakuwa na mtu. Sikuwa na hofu, na sikutaka kutoka. Ni hayo tu. Sikuona malaika wala lango, wala sikusikia sauti ikiniita jina.

Ukadhani basi yataishia hapo. Ng'o! Kina mama wa kanisa walijaa kwangu na maswali. Mwanga je, uliuona? Nikisema hapana, wananitazama kama nimewanyima chakula. Mchungaji wetu, mtu mpole, aliniambia nijiandae kutoa ushuhuda Jumapili. "Ukumbuke vizuri, dada," akasema. "Mtu akishtuka husahau." Nikaanza kujishuku. Labda nilisahau. Labda Mungu alinionyesha mengi nami macho yangu yakaona ufagio peke yake, jamani. Nilikuwa nimeokoka, naimba kwaya, naomba mpaka sauti inakauka, na sasa nikipiga magoti maneno hayaji. Nakaa tu pale, sijui nalia au nashukuru.

Lakini aliyenichanganya kabisa ni Mwaitu. Alikuwa amempoteza kitinda mimba wake, Mutinda, mwaka uliotangulia. Kijana wa pombe na utani huyo, hakuwahi kuokoka, na kanisani kuna waliomwambia mama yake waziwazi mtoto wake yuko wapi. Tangu hapo alikuwa hali vizuri wala halali. Ile Jumamosi tukipepeta ndengu, akaniuliza bila kuniangalia.

"Mbithe. Ulimwona Mutinda?"

Mwanangu, nilisimamisha ungo. Ndiyo moja tu, na huyu mama angelala usingizi. Nani angenishtaki? Kanisa lote lilikuwa linangoja niseme nimeona watu. Nilifungua kinywa niseme ndiyo, na ndiyo yenyewe haikutoka.

"Sikumwona mtu, Mwaitu. Niliona uwanja umefagiliwa."

Aliendelea kupepeta kidogo. "Umefagiliwa na nani?"

"Sijui."

"Basi si Mutinda," akasema. "Yule hakuwahi kushika ufagio."

Akacheka, mara ya kwanza tangu tumzike, na kicheko kikageuka kilio, nami sikujua kama nimemponya au nimemchoma. Nililia naye, ndengu zikamwagika, kuku wakala.

Jumapili nilisimama nikasema hayo hayo. Kanisa likangoja zaidi. Mchungaji naye akangoja, halafu akaanzisha wimbo. Wako waliosema nimerudi nyuma, na sina hakika kama walikosea, kwa sababu tangu hapo maombi yangu yamekuwa mafupi, na sijawahi tena kumwambia mtu marehemu wake yuko wapi. Nadhani namwamini Mungu kuliko zamani, ila namwelewa kidogo kuliko zamani. Jambo hilo linanisumbua mpaka leo, nisikudanganye.

Miaka mingi baadaye Mwaitu aliugua. Nikiwa namlisha uji, nikamuuliza kama alinikasirikia siku ile ya ndengu. Akanitazama kama anayemtazama mjinga.

"Ungeniambia ulimwona, ningefurahi wiki moja," akasema. "Halafu ningeanza kukuuliza alikuwa amevaa nini."

Hiyo ndiyo nasaha niliyo nayo, mwanangu, sina nyingine kubwa. Mtu aliyefiwa akikuuliza jambo usilolijua, usimpe uongo mtamu, hasa kama unampenda, kwa maana atarudi kuuliza zaidi na wewe utalazimika kuendelea kutunga. Mwambie kile kidogo ulichonacho, halafu usiondoke. Kaa naye mpaka amalize kulia. Na siku utakapochanganyikiwa mbele za Mungu, kaa hapo hapo ukiwa umechanganyikiwa, usikimbilie maneno ya watu ili uonekane umeelewa.

Mungu akutunze, akupe miaka mingi na watoto watakaokusumbua kwa maswali kama unavyonisumbua wewe, na akujalie moyo usioona haya kuwajibu, "Sijui."