Ukingo Nyuma ya Nyumba ya Kaka

Leo mwalimu wa hesabu amechora mstari ubaoni. Alisema mteremko wake ni ule urefu wa kupanda, ukigawanywa kwa urefu wa kwenda mbele, na ukishaujua, jedwali la tanjenti linakupa pembe. Kisha akauacha urefu wa kupanda vilevile, akafupisha ule wa kwenda mbele. Mstari ukainuka. Akafupisha tena, pembe ikasogea karibu na tisini. Wenzangu walinakili. Mimi, rafiki yangu, nilikuwa naona udongo mwekundu.

Nilikuwa darasa la tatu kaka yangu alipotoka jandoni. Kwetu Nyamira kijana akishatahiriwa halali tena kwa mama. Hujengewa esaiga, nyumba yake mwenyewe. Lakini shamba letu lote liko ubavuni mwa mlima, na mahali pa kujenga hapakuwapo. Kaka akawa analala kwa jirani. Wenzake wa rika walimcheka mtoni, ati mwanamume gani anaomba kitanda, si arudi tu kwenye moshi wa mama. Siku hiyo hakugusa ugali wa wimbi.

Basi baba akachukua jembe, wakaanza kukata mlima. Kila jioni nikitoka shule nilibeba udongo kwa karai, nikaumwaga kwenye migomba. Nakumbuka ubaridi wake kichwani, harufu yake, na kaka akiimba vibaya makusudi ili nicheke. Kiwanja kilizidi kuingia mlimani. Juu yetu ulikuwa mpaka wa baba mkubwa na majani chai yake, ambayo miaka ile yalikuwa kitu kipya na cha kuheshimiwa sana.

Jirani alikuja akatazama muda mrefu.

"Ndugu yangu, ukingo umesimama mno. Ulaze kidogo."

"Niulaze wapi?" baba akasema. "Nikiulaza nitakuwa nimekula chai ya kaka yangu."

Jirani akaenda zake. Kaka alicheka, akasema amepata ukuta wa nyuma ambao hakuna atakayemwambia aukandike.

Leo nimeelewa. Mpaka ulikaa pale pale juu, nasi huku chini tulikuwa tunapunguza ule urefu wa kwenda mbele, karai kwa karai. Hakuna aliyekuwa mjinga. Shamba lilikuwa dogo, na mvulana alikuwa amekua.

Nyumba ilipokwisha na kaka kuhamia, mvua ilinyesha wiki nzima. Sabato asubuhi tulikwenda kanisani, kaka akabaki kitandani kwake na homa. Tuliporudi hatukuona paa lake, udongo mwekundu tu. Wazee wa kanisa walivua makoti wakachimba, kwa majembe na kwa mikono, Sabato ile ile, na hakuna aliyetaja amri ya kupumzika. Chakula ambacho mama alipika Ijumaa kilichacha chunguni.

Baba mkubwa alilia mbele ya watu, akasema angeombwa kipande cha chai angetoa. Labda.

Tulikuwa na mahali pamoja tu palipo tambarare, mlangoni pa mama, ambapo mwana haruhusiwi kujenga. Hapo nyanya alikuwa akianika wimbi, nasi tukifukuza kuku kwa vijiti, kelele tupu mpaka jua linazama. Hapo ndipo tulipomzika kaka. Nyanya hapafagii tena. Kuku hupita wanavyotaka, na wimbi letu siku hizi tunaanika kwa jirani.