Viatu virefu Kenton: shangazi alivyotukuta tukijiandaa na shoo ya drag

Ko. Ko. Ko-ko. Kisha kishindo, halafu mtu akacheka peke yake.

Hayo niliyasikia nikiwa bado nje ya mlango, hapa Kenton, Landani, mikono imejaa mifuko ya bangili na vitambaa vya kumetameta kutoka maduka ya Southall.

Wakuu, natumaini mko salama. Haya ninayowaletea nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyanusa. Kazi ninayoipenda ni kutunga riwaya, lakini leo sitatunga kitu. Na mliokuja na mawe, yawekeni pembeni mmalize kusoma.

Mlango ulipofunguliwa ndipo nikamwona rafiki yangu Hemedi: kaptula, fulana ya kazini, na viatu vyekundu virefu kama minara. Alikuwa anajifunza kushuka ngazi.

Kwa wasiojua, drag ni pale mwanamume anapojipamba kike jukwaani, akaimba, akacheza, akawavunja watu mbavu. Sisi mashoga wa upande huu wa Landani tulikuwa tumeandaa shoo moja ya charity, kuchangia nyumba inayowapokea vijana waliofukuzwa kwao kwa sababu ya jinsi walivyo. Hemedi alipangwa mwisho, nafasi ile inayosubiriwa na ukumbi mzima. Mimi nilipewa kazi ya kumwandikia utangulizi, na kwa msisimko nilishaandika kurasa nyingi kuliko anazohitaji malkia yeyote.

Shoo ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo ninayoisema ilikuwa Alhamisi.

Sasa, tatizo. Nyumba ni ya shangazi yake, Bi Rukia, mtu wa Unguja. Ndiye aliyempokea Hemedi alipofika hapa, akampa chumba, akamtafutia kazi ya care, ya kutunza wazee. Tena Bi Rukia ni somo. Harusi za Wazanzibari wa huku haziendi bila yeye: ndiye anayemfunza bibi harusi kukaa, kutembea, kuinua macho. Wiki ile alikuwa Milton Keynes kwa mwari wake mmoja, na kurudi ilikuwa Jumapili.

Hemedi yuko katikati ya ngazi, tukasikia ufunguo.

Bi Rukia akaingia na sanduku lake dogo la magurudumu. Harusi imeahirishwa, viza ya bwana harusi imekwama.

"Shikamoo, shangazi," Hemedi akasema kutoka huko juu ya visigino.

"Marahaba." Ilimtoka kwa mazoea. Kisha akaviona viatu. "Nini hii?"

Wakuu, nilitamani kuingia ndani ya mifuko yangu.

Hemedi hakudanganya. Akaeleza shoo, akaeleza mchango, akaeleza nyumba ya vijana. "Na mie niko kama hao vijana, shangazi. Tangu zamani."

Bi Rukia akapita, akaenda jikoni. Tukasikia bomba, birika, kijiko ndani ya kikombe. Hemedi akavua viatu, akapanda chumbani kwake, akaanza kupanga nguo kwenye begi kubwa la bluu. Fikirieni hilo jambo: anahangaika kuchangia nyumba ya waliofukuzwa, na huenda jioni ileile akabisha hodi hapo yeye mwenyewe.

Aliposhusha begi na kuliweka mlangoni, Bi Rukia alikuwa kwenye kochi na chai yake.

"Vaa viatu vyako. Tembea."

"Naam?"

"Nimekuona ukishuka. Watembea kama mtu kabeba friji."

Hemedi akanitazama, mimi nikatazama zulia. "Shangazi, ina maana umekubali?"

"Sijasema nimekubali. Nimesema watembea vibaya. Hayo mambo mawili."

Akatembea. Lo! Bi Rukia akafumba macho kama mtu aliyeng'atwa.

"Mabega shusha. Weye wawahi basi? Wasubirishe! Wamekuja kukuona, watakwenda wapi?" Kisha akanigeukia. "Na wewe mwenye mifuko, sogeza meza, usikae tu."

Nikasogeza meza, nikasogeza na kochi. Kesho yake tuliendelea hivyo. Sebule yote ikawa uwanja wa mafunzo. Bangili zangu za Southall akaziita za chekechea, akaleta zake. Wanja tuliompaka Hemedi akaufuta wote, akaanza upya kwa mkono usiotetemeka. Ikafika mahali Hemedi akikata kona karibu na TV, mimi mwenyewe nikasahau kuwa namfahamu.

Ila begi la bluu lilikaa palepale mlangoni. Tulilipita kila tulipoingia na kutoka. Hakuna aliyeligusa, hakuna aliyelitaja.

Jumamosi Bi Rukia akasema gauni haliendi mbele za watu bila kufukizwa udi. Akawasha mkaa, akaweka chetezo chini ya gauni, moshi mzuri ukapanda hadi dari.

Na smoke alarm ikalia nyumba nzima.

Hemedi anapunga taulo, kope za bandia ziko jicho moja tu. Jirani yao, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, akagonga ukuta. "Mama Rukia! Iko moto?"

"Moto wapi, bwana! Harusi!"

Hemedi akaacha kupunga. Alarm inalia, yeye kasimama tu na taulo lake, analisikiliza lile neno.

Muda wa kuondoka ukafika, hatuna pa kutia gauni, wigi na viatu. Bi Rukia akalichukua begi la bluu, akapanda nalo juu. Tukasikia milango ya kabati ikifunguka na kufungwa. Akashuka nalo likiwa tupu.

"Nguo zako nimezirudisha mahali pake. Hili ndilo begi kubwa tulilonalo." Akamtazama. "Na usilie, utaniharibia wanja wangu."

Wakuu, somo nililolipata ni dogo, na bado nalitafuna. Mimi nilidhani mtu hukubali kwanza ndipo akakushika mkono. Bi Rukia mpaka leo hajatamka kuwa amekubali, na mkono hakuuachia. Kama kwenu yupo mtu wa aina hii, au aliyefanya kinyume chake, andikeni hapa chini, nitasoma kila mmoja. Hata matusi nitayasoma, nipate msamiati.

Nimalizie tulivyotoka. Nilimuuliza Bi Rukia kama ataingia ukumbini.

"Namfikisha mlangoni. Somo hamwachi mwari wake kituo cha basi. Kuingia, tutaona huko huko. Na picha sitaki."

Akajitanda mtandio, akaninyang'anya begi, akatoka bila kugeuka. Mlango ukajifunga nyuma yake, na sisi tukabaki ndani tunatafuta funguo.